Papa Foto na Ukungu wa Dzaleka

Papa Foto alikuwa akiamka kabla ya majogoo, anafungua mlango nusu, anachungulia nje kuona kama kambi yetu ya wakimbizi, huku Dzaleka, Malawi, bado ipo. Akiiona, na nyumba zake za matofali mabichi, vyoo vyake na foleni ya ndoo bombani, anaufunga mlango kwa hasira na kurudi kitandani. Asipoiona, kwa sababu ukungu umefunika kila kitu, anamshukuru Mungu kwa Kifaransa, anavaa kofia, na kuanza kugonga milango yetu.

"Muamuke! Kambi haiko! Muye mbio kabla irudie!"

Nasi tulitoka, wanaume kwa wanawake, nguo za Jumapili mwilini na viatu mkononi ili visichafuke njiani. Tulimfuata mpaka ukingo wa dambo, lile bonde la majani na maji lililokuwa nyuma ya kambi, na huko akatupiga picha mmoja mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyeifanya, na sidhani kama kuna aliyewahi kuifikiria.

Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, sisi tuliotoka Bukavu, Uvira na Fizi, kule Kongo, tulikuwa na mama, wake na wakwe waliotaka kujua tunaishi vipi. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka wajue. Sasa, ukisimama ukingoni mwa dambo asubuhi ya mwezi wa sita, nyuma yako panabaki weupe mtupu. Hakuna hema, hakuna choo, hakuna mtu anayefua. Unaweza kuwa Lilongwe kwenye bustani ya hoteli, unaweza kuwa Ubelgiji. Mama anamwona mwanawe, anaona kravati na mashavu, anapata usingizi.

Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja kanisani, nikalisahau kabla ya amina. Kambi nzima ilimwita Papa Foto, hata Wamalawi waliokuja kuuza nyanya. Alikuwa na studio Bukavu, yenye kioo mbele, hivyo ndivyo alivyosema. Kila mtu Dzaleka alikuwa na kitu chenye kioo mbele huko alikotoka. Mimi pia nilikuwa na duka la vitambaa lenye kioo mbele. Lilikuwa la mjomba, na kioo kilikuwa na ufa, lakini nikihadithia ufa ulikuwa unanitoka kichwani.

Mimi ni fundi cherehani. Nalitaja hili kwa sababu kazi yangu iliyofika mbali kuliko zote niliifanyia Papa Foto, na haina mgongo. Alikuwa na koti moja jeusi alilolinunua kwenye kaunjika, mitumba ya huku, na koti hilo lilimtosha mtu mmoja tu kambini, ambaye alikuwa Adventisti na hakutaka kupigwa picha Jumamosi. Akaniletea. Nikalipasua mgongo kutoka kola hadi chini, nikashona kamba pande zote mbili. Mwembamba tunamfunga kwa nguvu, mnene tunamwachia nafasi. Mbele unaona waziri, nyuma unaona mgonjwa aliyetoroka hospitali. Koti hilo limefika Bukavu, Uvira, Bujumbura, hata Australia, kwenye vifua vya watu waliokuwa wanatetemeka. Mimi mwenyewe tangu nifike sijavuka Lilongwe.

Alikuwa mkali wa mapozi. Hakukubali mtu asimame hovyo.

"Bosi, mabega juu. Usisimame sawa mutu anangojea posho."

Kwangu alihangaika kuliko kwa wengine. Alinisogeza, akanigeuza, akanirudisha, akanishika kidevu kama anayenyoa ndevu. "We uko na sura ya mutu mwenye njaa," akasema. Nikamwambia ni kweli nina njaa. "Najua. Sasa weka sura ya mutu alishaka kula." Nilijaribu. Picha ilipotoka, sura yangu ilikuwa ya mtu aliyekula kitu kibaya.

Nilimtumia mama hivyo hivyo. Mama yangu, mwanamke wa Kadutu, kule Bukavu, aliyesoma na mwenye akili zake timamu, alipouona ule weupe wote akaamua ni theluji. Jumapili iliyofuata aliipitisha picha kanisani, benchi kwa benchi. Binamu zangu wakaanza kuomba viatu. Nilimpigia simu kumweleza kwamba Malawi hakuna theluji, kuna ukungu tu, tena unaondoka.

"We toka utoto unajificha-jificha," akacheka. "Bon, usiseme. Tutakuombea tu juu ya ile baridi."

Basi kwa miaka mingi kanisa zima la Kadutu liliniombea nisigande. Nakiri kwamba sijaganda.

Sasa mtu angedhani Papa Foto alikuwa mwongo wa kulipwa. Hapana. Alikuwa shemasi, na uongo ulimkera kupita kiasi. Kuna mwanamume mmoja alimwomba ampige akiwa ameegemea gari la shirika lililoegeshwa karibu na zahanati, mlango wazi, mguu mmoja ndani. Papa Foto alikasirika hadi akafunga kamera.

"Ile gari ni yako?"

"Hapana, Papa."

"Basi unataka nifanye uongo?"

"Na koti, Papa? Koti ni langu?"

"Koti ni heshima. Gari ni uongo."

"Na ukungu?"

"Ukungu haisemi uongo," akasema. "Inanyamaza tu."

Maneno hayo aliyarudia kwa miaka, kwa sauti ya mtu anayesoma Waraka kwa Warumi, na sisi tuliyapokea kwa furaha kwa sababu yalitufaa. Mimi niliyatumia hata kwa mke wangu, siku aliponiuliza kwa nini sikumwambia kabla ya ndoa kwamba nakoroma.

Na huo ukungu uliomlisha aliuchukia. Ulimkaba kifua, ulimwuma magotini. Alivaa sweta mbili, na chini ya kofia alifunga kitambaa cha kichwa cha kike, cha maua, alichodhani hatukioni. Alikohoa kati ya picha na picha. Akimaliza kazi anakimbilia jikoni kwetu, anang'ang'ania jiko la mke wangu mpaka chai inachelewa, huku akiulaani ule ule ukungu aliokuwa ameushukuru asubuhi.

Kanisani mambo yalimfika pabaya. Akina mama wa Fizi walianika mihogo juu ya mabati na mikeka, na ukungu ukikaa sana mihogo inaota kuvu nyeusi, unga unanuka. Wakaomba kanisa liombee jua. Mchungaji, ambaye alipenda mzaha kuliko alivyoonyesha, akamtwika Papa Foto sala hiyo. Papa Foto akasimama, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Bwana, bamama banaomba jua," akasema. "Ubape. Ubape jua mingi, ya nguvu. Lakini Bwana, isifike mbele ya saa ine."

Akina mama walifumbua macho kabla ya amina. Walimsubiri nje. Nilijificha nyuma ya mlango kwa sababu nami nilikuwa nimesema amina kwa sauti.

Alikuwa na binti Bukavu. Alimwacha kwa dada yake akiwa bado wa kubebwa mgongoni, siku za kukimbia, alipodhani anaondoka kwa wiki chache. Hilo alilisimulia kwa maneno machache na hakulirudia. Kila msimu wa baridi, akishatupiga sisi wote, alivaa koti lile, akanipa kamera, na mimi nikampiga yeye amtumie binti. Alinichagua kwa sababu nilikuwa jirani. Kwa ustadi angechagua hata mbuzi. Na akimpigia simu, baada ya salamu, swali lake la kwanza lilikuwa moja.

"Ukungu ya ziwa, ingali?"

Kwa maana Bukavu, mji wa ukingoni mwa ziwa, ulikuwa na ukungu wake, na yeye alikuwa ameuacha ukipanda kutoka majini asubuhi za kiangazi, ukiingia barabarani mpaka teksi zinawasha taa. Mtoto, sauti ikikua mwaka hadi mwaka, alimjibu kwa uvumilivu. Mwanzoni: iko, Papa, asubuhi sione shule. Baadaye: iko, lakini iko kidogo. Mwishoni: Papa, siku hizi ni jua tu, batu bamejenga mupaka juu ya milima. Papa Foto akikata simu alikuwa na huzuni kama aliyepewa habari za msiba.

Na huku kambini ulikuwa unaenda vivyo hivyo. Miaka ile ya kwanza ukungu ulianza mwezi wa tano, na ukifika hausemi utaondoka lini. Siku za chiperoni, ile baridi ya manyunyu ambayo Wamalawi wameipa jina hilo, ulikaa hadi mchana, na Papa Foto akamaliza filimu zote alizokuwa nazo. Kisha ukaanza kuchelewa. Ukaja mwezi wa sita, ukaja wa saba. Ukija, unakaa muda wa kufunga kravati tu. Kwenye harusi moja uliondoka katikati ya picha. Upande wa bwana harusi umetokea ndani ya weupe, watukufu kabisa, na upande wa bibi harusi umetokea na choo.

Tulijadiliana kwenye kibaraza changu cha kushonea. Mimi nilisoma Jiografia Bukavu miaka miwili, kiasi cha kutosha kuongea na kisichotosha kujua, kwa hiyo niliongea. Niliwaeleza habari za upepo wa Msumbiji, unyevu na miinuko, nikachora chini kwa chaki ya kushonea. Mchungaji alisema ni dhambi. Kijana wa kabaza, baiskeli yake ya abiria imeegemea ukuta, akatusikiliza kidogo, kisha akasema ukungu haujapotea, umehamia tu mji wa Mponela, mzee apande baiskeli waende.

"Nkhungu ili ku Mponela! Kwerani, bambo, tipite!"

Mimi nilicheka, lakini Papa Foto alikubali. Kesho yake asubuhi alipelekwa hadi barabara kuu, koti ndani ya mfuko, akapanda minibasi mpaka Mponela kufuata ukungu. Alirudi jioni amebabuka pua kwa jua. Alikuwa ameona magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku, na wafanyabiashara waliomwuliza anauza koti kwa bei gani.

Sababu yenyewe tuliijua wote, ndiyo maana hakuna aliyeitaja. Mikaratusi iliyokuwa inazunguka kambi ilikuwa imeishia kwenye majiko na kwenye matanuru ya matofali. Dambo tulilichimba udongo, kisha tukalilima mboga. Watu waliongezeka kila mwaka na kila mtu alihitaji nyumba na chakula cha moto. Siku ile nilipokuwa nachora upepo wa Msumbiji, nilikuwa nimekalia rundo la kuni. Niliwaomba wasogee ili mchoro uonekane.

Kisha zikaja simu zenye kamera, na kila kijana akawa Papa Foto wa mkono wake mwenyewe. Kwenye simu unaweza kumweka mtu Paris bila kumwamsha alfajiri. Papa Foto akahamia Lilongwe, kimya kimya, kama walivyofanya wengi. Tulisikia yuko mtaa wa Kawale.

Nilimkuta huko miaka michache baadaye, nilipokwenda mjini kununua zipu na nyuzi. Kilikuwa chumba kidogo kati ya kinyozi na muuza betri za redio, na ukutani limetundikwa pazia kubwa lililochorwa bwawa la kuogelea, ngazi za marumaru na swala wawili. Watu walisimama mbele ya bwawa, yeye anapiga.

"Nyamaza," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Najua. Ni uongo ya rangi."

Akafunga mlango, akanikalisha kwenye kiti cha wateja. Akatoa simu akanisikilizisha ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ndiye yule mtoto.

"Papa, mi niko na foto zako zote. Ziko nyeupe zote. Sijue unaishi wapi. Nikikuombea, nakuombea tu mu hewa. Unitumie foto moja nione pale unalalaka. Moja tu. Kama unakatala, basi usinitumie tena ingine ya ukungu. Nimechoka nayo."

Aliizima. Akaanza kufuta lenzi ambayo ilikuwa safi.

"Akiona ile nyumba ya Dzaleka, atajua baba yake ni mukimbizi."

"Anajua, Papa. Miaka yote hii anajua."

"Kujua na kuona haiko kimoja."

Mimi, kwa ujinga wangu wa kupenda kuchekesha panapouma, nikamwambia asimame mbele ya pazia, tumpelekee swala. Hakucheka, nami nikajisikia vibaya. Akasema kama binti akiona na kunyamaza, yaani asijibu tena, hatakuwa na mtu wa kumwuliza chochote duniani. Halafu akasema asipotuma atamkosa vilevile, kwa hiyo tutaipiga picha Dzaleka, kwenye nyumba yake aliyoifunga kwa kufuli, kwa sababu hapo Kawale alikuwa analala chini ya meza ya kinyozi. Tutaipiga kwenye jua, na mpigaji nitakuwa mimi. Nilimkumbusha uwezo wangu. Akasema ameshazoea.

Alikuja Jumamosi, akalala kwetu. Asubuhi alifungua mlango nusu, kwa mazoea, na kambi haikuwapo.

Sijauona ukungu wa namna ile tangu mwaka tuliofika. Mkono ukiunyoosha huuoni. Papa Foto alisimama mlangoni akautukana kwa Kifaransa, maneno ambayo shemasi hapaswi kuyajua. Miaka mingapi aliuomba, na ukamkimbia hadi Mponela, leo anaomba jua ndio umekuja wenyewe! Mbaya zaidi, habari zilikuwa zimeenea kwamba yupo. Tulisikia sauti zikija ndani ya weupe, "Papa Foto amerudia!", na wakatokea, wazee wenzetu, wengine na wajukuu, wamevaa.

"Mi leo sifanye kazi," akawaambia. "Leo miye njo kliya, ni miye wa kupigwa foto."

Hawakuondoka. Waliketi kusubiri kuona nani atampiga picha mpiga picha.

Tukaenda wote mpaka kwenye nyumba yake. Tulijua ipo kwa sababu niligonga paji la uso kwenye boriti yake. Hapo ndipo wazo likanijia, na nikalisema.

"Papa, simama mlangoni tupige sasa. Nyumba iko nyuma yako. Ameomba foto ya nyumba, unamtumia foto ya nyumba. Si kosa lako kama haionekani."

Akalifikiria. Nilimwona akilifikiria, akapanga hata mabega. Nilikuwa nimeshainua simu.

"Papa," mke wangu, aliyekuwa ametufuata, akasema, "muache mutoto akuone."

Papa Foto akashusha mabega. Akaketi juu ya tofali, na sote tukangoja. Watu wakaanza nyimbo. Ukungu ulijivuta polepole, ukaachia kwanza bomba, kisha vyoo, kisha mabati ya jirani na mihogo iliyoanikwa juu yake. Jua lilipofika mlangoni kwake akasimama. Alikuwa na sweta lake la kila siku. Yeye aliyetupanga sisi wote hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akaiacha ining'inie. Picha ya kwanza nilimkata kichwa. Ya pili nilipiga kidole changu. Ya tatu alikuwa yeye, na ukuta uliobomoka kona, na mlango wa mabati ya debe, na gunia lililoziba dirisha, vyote wazi kabisa chini ya jua.

Aliituma mwenyewe. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, na wale watu wote wenye nguo za Jumapili wakasogea kumzunguka.

Jibu lilichelewa hadi wengine wakaenda kupika. Lilipokuja lilikuwa la sauti.

"Papa," akasema binti. "Sikujua umezeeka hivi. Ule mutu wa mu foto za ukungu, miye nilikuwa nangojea arudie. Nilijua iko na wakati. Papa, we hauna wakati. Nakuya miye. Usiende fasi yoyote."

Nikaichukua simu nikaikuza picha kwa vidole. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Upande mmoja wa mdomo hapakuwa na meno. Macho yalikuwa na utando. Mimi niliyekaa naye kibarazani miaka yote ile, niliyempiga picha kila msimu wa baridi, sikuwa nimeona hata kimoja.

"Hakusema kitu juu ya nyumba," Papa Foto akasema. "Umesikia? Hata neno moja."

"Nimesikia, Papa."

Alikuwa analia, bila kujificha, na mimi nikalia pia. Akaniuliza kama barabara ya kutoka Bukavu mpaka huku bado ni ile ile, kama mwanamke peke yake anaweza kuipita. Nilimwambia sijui. Mimi nimeipita mara moja tu, na nilikuwa nakimbia.